Kideri hakiji na upepo, huja ndani ya tenga

Ukimuuliza mtu wa Jego kuku wake walikufa kwa nini, jibu utakalopata mara nyingi ni neno moja: upepo. Kaskazi ikishavuma wiki mbili tatu, kuku mmoja anaamka kajikunyata pembeni, mbawa zimelegea. Jioni anaharisha kijani. Kesho yake wako wanne, mmoja shingo imepinda anazunguka kama mlevi, na kabla ya wiki kwisha ua mzima umenyamaza. Mwenye nyumba anafagia manyoya, anasema upepo mbaya umepita, Mungu atampa wengine. Akipata vijisenti anakwenda sokoni kununua kuku wawili wa kuanzia upya.

Ugonjwa huo ni kideri, ambao ndugu zetu wengi wa Tanzania wanauita mdondo na madaktari wa mifugo wanauita Newcastle. Hoja yangu leo ni kwamba upepo unasingiziwa. Kideri hutembea na kuku, na kuku siku hizi hatembei mwenyewe: anabebwa ndani ya tenga, kwenye usukani wa baiskeli, nyuma ya bodaboda, chini ya kiti cha matatu ya Lungalunga. Upepo waweza kupeperusha vumbi la banda moja likaingia kwa jirani, hilo sikatai. Lakini hauwezi kuuchukua ugonjwa Ukunda ukautua Jego baada ya kuruka Msambweni na Ramisi. Gari laweza, na kwa muda wa saa chache tu.

Mtu atauliza, kama si upepo, mbona kideri kinapenda msimu? Swali zuri. Tazama basi kalenda yetu ya biashara. Disemba mahoteli ya Diani yanajaa na wageni wa bara wanashuka pwani. Januari shule zinafunguliwa, na mama asiye na mshahara anauza kuku apate sare na madaftari. Harusi nazo ni nyingi. Na miaka hii Ramadhani na Idi zimerudi kuangukia humo humo ndani ya kaskazi. Kwa miezi mitatu minne kuku wanahama kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na wanahama wakiwa wamebanana, wana kiu, katika joto na vumbi linalowadhoofisha. Upepo na ugonjwa vinafika pamoja kwa sababu vyote viwili vinafuata msimu, ila aliyebeba mzigo ni mwingine.

Historia ya ugonjwa wenyewe inasema hivyo hivyo. Kideri kilitambuliwa mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle kule Uingereza, mji uliokiachia jina. Afrika Mashariki kiliandikwa kwenye kumbukumbu kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na mahali penyewe ni karibu na Mombasa. Yaani mlango wake wa kuingilia ulikuwa hapa kwetu pwani, kisha kikapanda bara. Wazee wetu walifuga kuku karne nyingi kaskazi ikiwavumia kila mwaka. Upepo ulikuwepo siku zote. Ugonjwa ndio uliokuja ukawakuta.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema hadharani. Kideri kikiingia kwenye ua, mwenye kuku ana hesabu moja ya haraka: hawa watakufa wote, heri niuze waliobaki kabla hawajaanza kulegea. Anawatia kwenye tenga alfajiri, anawapeleka mnadani au anampigia simu mchuuzi. Mchuuzi anajua, au anahisi, kwa hiyo anataka bei ya chini, anawapata kwa nusu ya bei. Naye hataki wamfie mkononi, kwa hiyo anauza haraka, bei ya chini vilevile. Ndipo wewe unapopita, unaona tetea wawili wanene, macho maangavu, bei ya kutupa, unashukuru Mungu kwa riziki.

Kuku wa bei ya kutupa ana sababu yake. Wakati mwingine sababu ni karo ya shule tu. Wakati mwingine sababu ni kwamba ndugu zake watano wamezikwa jana.

Simlaumu sana huyu mama anayeuza. Kuku kwa wanawake wengi wa Jego, Vanga na Kiwegu ndio benki. Baba ana mashua au shamba la minazi, ng'ombe ni wa ukoo, lakini kuku ni wake, anamuuza bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukimwambia akae awatazame wakifa mmoja mmoja eti kwa faida ya kijiji ambacho hakitamlipa chochote, unamwomba jambo kubwa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa anapoona ugonjwa wa kuambukiza wa aina hii. Lakini ni nani aliyewahi kutoa taarifa ya kuku sita? Atoe kwa nani, na akishatoa apate nini? Palipo na ng'ombe daktari huja. Palipo na kuku watu hucheka.

Hata hivyo, kwetu sisi Waislamu hili lina upande wa pili usio wa serikali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka walipo wazima wa mwenzake. Alikemea pia mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu. Haya hukumbushwa msikitini mara nyingi katika mambo ya mizani na maziwa yaliyotiwa maji. Sijasikia yakisemwa juu ya tenga la kuku, na ningependa kuyasikia Ijumaa moja kabla ya Idi, wakati soko limechacha.

Liko na la kisu. Kwa kuwa mzoga ni haramu kwetu, kuku akianza kulegea tunawahi kumchinja. Ni desturi inayoeleweka, chakula kisipotee. Lakini tazama kinachofuata. Damu inamwagika uani, manyoya yanatupwa nyuma ya jikoni, matumbo wanarushiwa kuku wengine au yanachukuliwa na paka na kunguru, na maji ya kunyonyolea yanamwagwa njiani. Kideri kimejaa humo. Kunguru wetu hawa weusi wenye shingo ya kijivu hawana mipaka ya shamba. Akiokota utumbo kwako, anaudondosha kwa jirani. Shimo la futi mbili tatu na jembe la majivu juu yake lingezuia mengi, na halina gharama.

Wengi wetu hudhani kuku mgonjwa anajulikana kwa macho. Mnunuzi hodari anampapasa kifua, anamwangalia upanga, anamgeuza kutazama kinyesi, anasema huyu mzima. Huo ni ujuzi wa kumjua aliyekwisha kuugua. Kideri hukaa mwilini kwa kawaida siku tano au sita kabla ya dalili kutokea, na chaweza kufika wiki mbili au zaidi. Katika siku hizo kuku anakula, anawika, anataga, na huku anamwaga ugonjwa kwa kinyesi na mate. Safari yenyewe inamzidishia, maana kuku aliyefungwa miguu akaning'inizwa kichwa chini kutoka Lungalunga hadi Jego hafiki na nguvu za kupambana na chochote.

Bata ni hatari ya aina nyingine. Yeye anaweza kubeba kideri bila hata kulegea, na kwa sababu hafi hakuna anayemshuku. Njiwa nao wamo kwenye orodha. Kuna mafua ya kuku, ambayo aliyepona huendelea kuyabeba. Kuna homa ya matumbo, inayopita hata ndani ya yai, ukimwatamiza tetea wako mayai ya kununua unaweza kuangua ugonjwa. Ndui, minyoo, utitiri na wale viroboto wanaoganda machoni wote wanajua kupanda matatu. Ila nikisema kideri nasema mkubwa wao, kwa sababu mafua yatakuachia nusu ya kuku, kideri kwenye kuku wasiochanjwa chaweza kukuachia tenga tupu.

Tufanye hesabu ya mfano, si ya soko la leo. Una kuku 25, kila mmoja thamani yake shilingi 800. Hao ni shilingi 20,000 zinazotembea uani. Unaona tetea wawili kwa shilingi 500 kila mmoja, unajiona umeokoa shilingi 600. Kwa hiyo shilingi 600 umeweka rehani shilingi 20,000. Hakuna mfanyabiashara wa Mombasa angekubali mkataba kama huo, lakini sisi tunautia sahihi kila Jumamosi.

Jego ina jambo lake la zaidi, nalo ni mpaka. Tuko kwenye njia ya kushuka Vanga kutoka Lungalunga, na ng'ambo kuna Jasini, Moa na Duga, ambako nusu ya watu ni shangazi na wajomba zetu. Watu wanakwenda mazishini, wanarudi na zawadi, na zawadi ya heshima kwa Mdigo au Mvumba tangu zamani ni kuku. Huwezi kumwambia mtu amkatae jogoo wa shangazi yake wa Moa.

Serikali zetu mbili zinapowaza ugonjwa wa kuku mpakani, zinawaza malori. Januari 2017 homa ya ndege ilipothibitishwa Uganda, Kenya ilipiga marufuku kuku wa kutoka huko. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo maafisa wa Tanzania pale Namanga waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 waliovushwa kutoka Kenya, wakisema ni kuzuia magonjwa. Kelele zilizofuata zilikuwa za kidiplomasia, na za watu walioona picha za vifaranga wakichomwa hai. Mimi nakubali kwamba nchi ina haki ya kulinda mifugo yake, na nakubali pia kwamba namna ile ilikuwa ya kikatili bila sababu. Lakini kwa msomaji wa Jego funzo liko kwingine. Vifaranga wa kampuni husafiri wakiwa na karatasi, au hukamatwa kwa kukosa karatasi. Jogoo wa shangazi hana karatasi na hatakamatwa, wala mimi sitaki akamatwe. Hakuna askari wa Horohoro atakayemzuia kideri anayepita kwa njia ya miguu kwenye mikoko. Atakayemzuia ni yule anayempokea jogoo mlangoni.

Na hapa ndipo penye kosa letu la kila siku. Kuku mgeni akifika tunamfunga mguu kwa kamba chini ya mwembe, siku tatu nne, "azoee nyumba". Kamba inamzuia asikimbie. Haimzuii asinywe kwenye kifuu kimoja na wenyeji, asinye wanapodonoa, asipandwe na jogoo wetu. Kwa ugonjwa, kumfunga kamba katikati ya wenzake ni kama kutomfunga.

Anachohitaji ni siku 21 peke yake, na mwezi ni bora zaidi. Najua kitakachosemwa: sisi kuku wetu ni wa kuzurura, banda la karantini tutalitoa wapi? Halihitaji bati wala simiti. Fito za mikoko na nyavu kuukuu za kuvulia, ambazo Vanga na Jimbo zimetupwa kila pembe, zinatosha kufanya kizimba cha kuku watatu. Jiko la zamani lililoachwa linatosha. La muhimu kiwe mbali na wenyeji, hatua thelathini hivi, na upande ambao upepo ukivuma haupiti kwake kwanza ndipo uje kwao (upepo nao apewe haki yake). Awe na chombo chake cha maji. Wahudumie wenyeji kwanza, mgeni wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na usirudi na viatu vile vile. Sabuni ya kawaida ya kufulia inakiua kirusi hiki.

Wafugaji wazoefu wana hila moja ninayoipenda. Wiki ya mwisho wanamchukua kuku mmoja wao, yule wasiyemlilia sana, wanamtia kizimbani pamoja na mgeni. Kuna magonjwa ambayo mgeni ameyazoea hata haonyeshi dalili, lakini mwenyeji akikutana nayo ataugua. Akikaa siku kumi salama, fungua mlango. Akiugua, umepoteza mmoja badala ya 25.

Hatari inakwenda pande zote mbili pia, jambo ambalo wagawaji wa vifaranga wanalisahau. Miaka hii miradi mingi na wanasiasa wamependa kugawa kuku wa kienyeji walioboreshwa, kuroiler na mfano wao, kwa vikundi vya kina mama. Picha zinapigwa, makofi yanapigwa. Kuku hao wakiletwa katikati ya kijiji chenye kideri bila chanjo kamili, wao ndio wanaokufa kwanza, na kikundi kinaambiwa hakikujituma. Pesa za vifaranga mia zingechanja kuku wa vijiji kadhaa. Lakini chupa ya chanjo haipigwi picha ikapendeza.

Chanjo yenyewe ipo, na ni ya tone moja la jicho. Taasisi ya serikali ya KEVEVAPI hutengeneza ya kwake hapa Kenya, na Tanzania wamekuwa wakitumia ile ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia, inayostahimili joto kuliko za zamani. Mafunzo ya I-2 husema irudiwe kila miezi mitatu au minne. Kuku huchukua wiki moja hadi mbili kupata kinga, kwa hiyo kumchanja siku ile ile unayomwachia mgeni uani ni kuchelewa. Na aliyekwisha kuambukizwa chanjo haimponyi. Wengi walioniambia chanjo inaua kuku walichanja ua ulioanza kuugua, wakailaumu dawa kwa kazi ya ugonjwa.

Mbona basi hatuchanji? Si ubishi peke yake. Chupa moja hutosha kuku mia moja, wakati mwingine zaidi, na ikishafunguliwa ikachanganywa ni ya siku hiyo hiyo. Mama mwenye kuku 12 atamwaga iliyobaki. Kisha duka la dawa za mifugo liko mbali, na chupa inataka ubaridi njiani. Mtu mmoja mmoja hawezi, na hata akiweza hajasaidika sana ikiwa majirani watano hawakuchanja. Kuku wetu hawana ua, wanakula pamoja jalalani.

Lakini nyumba kumi zinaweza. Zitafute siku moja, kabla ya Disemba, tena Machi, tena Julai. Mchuuzi wa samaki anajua kufunga barafu isiyeyuke hadi Jego, chupa ya chanjo haiwezi kumshinda. Kijana mmoja afundishwe na afisa wa mifugo kudondosha tone, alipwe shilingi chache kwa kila kuku, na kuku wakamatwe usiku wakiwa kwenye vituo vyao wachanjwe alfajiri kabla hawajafunguliwa. Vikundi vya merry-go-round tayari vinakusanya pesa kila wiki. Kuchanga bei ya chupa, ambayo mara nyingi haifiki bei ya jogoo, si mzigo wa kuvunja kikundi.

Kaunti nayo isijifiche. Huduma za mifugo ni zake tangu ugatuzi wa 2013. Ninachokitaka si kituo kipya chenye kibao, ni nambari ya simu moja inayopokelewa, ambayo mtu wa Jego akipiga akasema kuku wake watatu wamekufa tangu jana, kuna afisa atakayewaonya wa Vanga na Kiwegu jioni hiyo hiyo wasinunue kuku wiki mbili. Onyo la namna hiyo lingempa yule mama wa tenga la alfajiri sababu ya kusita, kwa kuwa soko lenyewe litakuwa limekwisha jua.

Aliyekwisha kupigwa asikimbilie sokoni. Kinyesi chenye kideri hubaki na ugonjwa wiki kadhaa, hasa kivulini. Fagia, choma takataka, fukia mizoga, mwagia banda chokaa au majivu, acha jua lifanye kazi yake angalau mwezi mmoja. Kuwanunulia kuku wapya banda la jana ni kuwaagiza kaburini kwa nauli yako.

Na kama Jumamosi hii utanunua, muulize muuzaji amewatoa wapi, na walichanjwa lini. Wengi watakucheka. Ukimpata mmoja aliyejibu tarehe, mpe hizo shilingi mia za ziada anazotaka, kisha mpeleke kuku kizimbani, si uani.